Mbiu ya Shule Ilie Mapema

Wahenga walituachia neno kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Baragumu lilipolia kijijini mtu aliacha jembe shambani akasogea, kwa sababu alijua kwamba akifika ataelezwa jambo lenyewe, ataulizwa maoni, na ataambiwa anatakiwa kufanya nini. Shule zetu za msingi nazo zina mbiu yake. Ni barua iliyokunjwa ndani ya daftari la mtoto, ni karatasi iliyobandikwa mlangoni pa ofisi ya mwalimu mkuu, ni ujumbe wa simu, ni neno analopita nalo mwenyekiti wa kitongoji. Lakini mara nyingi mbiu hiyo hulia jambo likiwa limeshafika mlangoni, na ikilia haisemi zaidi ya maneno mawili: njooni, na changieni. Ninachotaka tukifikirie leo ni hiki: habari za shule ya msingi, yale yaliyofanyika na yale yanayokuja, ni haki ya mzazi na ni sehemu ya elimu yenyewe. Zikimfikia mapema na kwa ukamilifu, mtoto hufaidika. Zikichelewa au zikifichwa, wa kwanza kuumia ni mtoto wa maskini.

Tuanze na kalenda. Mambo makubwa ya shule ya msingi hapa Tanzania hayaji kama mvua ya ghafla. Muhula wa kwanza hufunguliwa Januari, wa pili Julai. Mashindano ya michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, huanzia shuleni na katani, ikapanda wilayani na mkoani, hadi kilele chake cha kitaifa ambacho kwa kawaida huwa Juni. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne hufuata kati ya Oktoba na Novemba. Kabla ya hapo kuna mitihani ya majaribio ya kata na wilaya, na darasa la saba likishamaliza kuna mahafali. Uandikishaji wa watoto wa awali na darasa la kwanza nao huanza kabla mwaka wa zamani haujaisha. Mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma wanayajua yote haya tangu Januari, na ratiba yake ipo ofisini. Basi mzazi anapopewa siku tatu kujiandaa kwa jambo ambalo ofisi imelijua kwa miezi sita, tusiseme taarifa haikuwapo. Ilikuwapo muda wote, ikalala kabatini.

Wapo watakaosema siku tatu si haba, anayetaka atajitahidi. Tulipime neno hilo kwa hesabu ndogo. Tuseme kamati na wazazi wamekubaliana kwamba mahafali yatagharimu shilingi 10,000 kwa kila mtoto. Mtumishi mwenye mshahara wa mwezi anaweza kuzitoa kesho. Mama anayeuza vitumbua, ambaye kila jioni hubakiza kidogo baada ya kununua mchele na mafuta ya kesho, akiambiwa wiki sita kabla ataweka shilingi 250 kila siku, na siku 40 zikitimia fedha ipo bila kugusa mtaji wake. Akiambiwa siku tatu kabla, atakopa, au atakula mtaji, au mtoto atabaki nyumbani siku hiyo kwa aibu. Mkulima naye ana kalenda yake. Kwenye maeneo ya msimu mmoja wa mvua, mwezi wa Januari ghala limepungua na kilichobaki kinategemea mbegu zilizo ardhini. Mkulima huyo akiambiwa wakati wa mavuno kwamba Januari itadai sare na madaftari, atatenga gunia. Akiambiwa Januari yenyewe, hana cha kutenga. Kiasi kinachotakiwa ni kile kile, shule ni ile ile, mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni siku ambayo mzazi aliambiwa. Ndiyo maana nasema kuchelewesha taarifa ni sawa na kumtoza mnyonge kodi ambayo mwenye nacho haioni.

Na si fedha peke yake. Mwaka 2008, mkoani Morogoro, watoto wa shule za msingi waligawiwa dawa za kichocho na minyoo. Dawa hizo zinajulikana na zina manufaa makubwa, lakini dawa ya kichocho, hasa ikimezwa tumbo likiwa tupu, inaweza kumletea mtoto kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kizunguzungu. Watoto walipoanza kujisikia vibaya, uvumi ulienea haraka kwamba kuna waliokufa, na wengine wakadai dawa zile ni za kuwafunga watoto uzazi. Wazazi walikimbilia shuleni kwa hasira, ghasia zikazuka, na zoezi likasitishwa. Mtafiti Julie Hastings, aliyelichunguza tukio hilo, alionyesha kwamba uhaba wa maelezo kuhusu ugonjwa na tiba yake ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Hebu fikiria, msikilizaji, ni mambo mangapi yangeepukwa kama kila mzazi angeambiwa wiki moja kabla: siku fulani watoto watapewa dawa, ni ya ugonjwa huu, mpe mtoto chakula kabla hajaondoka nyumbani, akijisikia vibaya usiogope, mwone fulani. Funzo hilo halijapitwa na wakati. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Umri huo ni wa mabinti wengi walio shule za msingi. Pale shule inaponyamaza kuhusu siku ya chanjo, uvumi haunyamazi. Unaitangaza siku hiyo kwa namna yake.

Sasa tuje kwenye fedha, mahali ambapo pana kelele nyingi kuliko pengine pote. Tangu Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, Serikali iliondoa ada na michango ya lazima katika elimumsingi. Katika utaratibu huo, ruzuku iliyowekwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Shilingi 4,000 katika hizo ni za vitabu vinavyonunuliwa kwa pamoja, na 6,000 huenda kwenye akaunti ya shule. Fanya hesabu kwa shule ya wanafunzi 800: ni shilingi 4,800,000 kwa mwaka, sawa na 400,000 kwa mwezi, kwa ajili ya chaki, karatasi za mitihani, matengenezo madogo, michezo na uendeshaji. Mzazi asiyeijua hesabu hii huangukia katika moja ya makosa mawili. Ama anadhani Serikali imeleta kila kitu, hivyo kila anayetaja uji wa watoto au ulinzi wa shule ni mwizi, ama anadhani haijaleta chochote, hivyo fedha zake ndizo zinazoiendesha shule. Takwimu mbili tu ubaoni, kilichoingia na kilichotumika, zingemwondolea dhana zote mbili. Angeona kwamba fedha ipo, angeona pia kwamba 400,000 haziwezi kuwapikia uji watoto 800 mwezi mzima, na angeketi kwenye kikao akiwa na hoja badala ya hasira.

Majirani zetu wa Uganda wana ushahidi juu ya jambo hili. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku iliyotolewa na serikali kuu ya nchi hiyo kwa shule za msingi kati ya mwaka 1991 na 1995, wakakuta kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu iliyofika shuleni. Nyingine ilipotelea njiani. Serikali ya Uganda ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hadharani fedha zilizopokea. Ilipofika mwaka 2001, sehemu iliyofika shuleni ilikuwa imepanda hadi kama asilimia 80. Zaidi ya hayo, watafiti hao walikuta kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali magazeti yanapouzwa zilipata haki yake vizuri zaidi, kwa kuwa walimu wakuu wake walijua cha kudai na wakati wa kudai.

Najua kuna pingamizi hapa, na ni pingamizi la haki. Wachambuzi wa baadaye walisema kwamba katika miaka ile Uganda ilifanya mageuzi mengine pia: ukaguzi uliimarishwa, mfumo wa kupeleka fedha ulibadilishwa, na mwaka 1997 elimu ya msingi bila ada ilianza, hivyo macho ya nchi nzima yakaelekezwa shuleni. Hayo ni kweli, na sidai kwamba karatasi ubaoni ndiyo iliyofanya kazi yote. Nadai kwamba hayo mageuzi mengine yalihitaji mtu wa chini mwenye taarifa mkononi ili yakamilike. Mkaguzi huja mara moja akaondoka. Mzazi anapita mbele ya ubao kila siku.

Kuna pingamizi jingine zito zaidi. Nchini Kenya, watafiti Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walichunguza wazazi wa vijijini ambao, kupitia mpango wa Uwezo, walipewa matokeo ya watoto wao ya kusoma na kuhesabu. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2014, haukuona kwamba wazazi hao walijishughulisha na shule kuliko wenzao wasiopewa. Je, hilo halivunji hoja yangu? Nimelitafakari, na jibu langu liko katika maelezo ya watafiti wenyewe. Walisema kwamba ili taarifa imsukume mtu kutenda, ni lazima aielewe, iwe mpya kwake, aone kwamba jambo ni wajibu wake, ajue la kufanya, na aamini kwamba akilifanya litazaa matunda. Pakikosekana kimoja, mnyororo unakatika. Matokeo yaliyoletwa mara moja na mgeni aliyekwenda zake ni tofauti na sauti ya shule yenyewe inayozungumza na mzazi kila mwezi. Kule Chile, watafiti walijaribu njia hiyo ya pili: wazazi wa watoto wa familia za kipato cha chini walitumiwa ujumbe mfupi wa simu mara kwa mara kuhusu mahudhurio, alama na mwenendo wa mtoto. Mahudhurio yaliongezeka na alama za hisabati zikapanda. Kwa hiyo ninayoitetea hapa si karatasi moja ya kushtua watu. Ni desturi. Tangazo linalotaja tarehe na saa, linaloeleza kazi ya mzazi, na ambalo mwezi unaofuata hufuatiwa na jingine linaloeleza jambo lilikwendaje, hilo ndilo linalojenga imani kwamba kuitika kuna faida.

Walimu nao wana neno lao, na ni wajibu kulisikiliza. Watasema: tuna darasa lenye watoto wengi kupita kiasi, tuna maandalio ya masomo, tuna zamu, tuna takwimu za kujaza kila wiki, na sasa mnatuongezea kazi ya uandishi wa habari. Malalamiko hayo yana uzito. Lakini tazama kazi inayozungumzwa. Ni ukurasa mmoja mwanzoni mwa muhula, wenye tarehe ambazo tayari zimo katika ratiba ya ofisi, na nusu ukurasa kila mwisho wa mwezi. Kamati ya shule, ambayo ndani yake wamo wawakilishi wa wazazi, inaweza kabisa kuibeba kazi hiyo, na wanafunzi wa darasa la sita wenye mwandiko mzuri wanaweza kunakili tangazo, nalo likawa zoezi la kuandika Kiswahili chenye maana. Linganisha kazi hiyo na muda ambao mwalimu mkuu hupoteza akimjibu mzazi mmoja mmoja mlangoni, akiandika barua za kuwaita tena waliokosa kikao, au akijieleza kwa mtendaji wa kata juu ya uvumi. Kueleza mapema ni kazi nyepesi kuliko kueleza baada ya watu kukasirika.

Wengine wanahofu kwamba kuweka mambo hadharani kutaleta majungu. Watasema mzazi akiona ukarabati wa matundu mawili ya vyoo umekula kiasi fulani, atajifanya fundi aanze kupinga bei ya saruji. Na aipinge! Pengine anaijua bei ya saruji kuliko sisi, na stakabadhi ipo ya kumwonyesha. Majungu ni mmea wa kivulini. Hesabu iliyo juani huyanyausha. Hata hivyo nakubali kwamba si kila kitu ni cha ubaoni. Jina la mtoto ambaye mzazi wake hajachangia lisibandikwe wala kusomwa mstarini, na alama za mtoto aliyeshika mkia si habari ya kijiji. Hizo ni za mzazi wake na mwalimu wake, faraghani. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora, na nchi ikajadili kwa kirefu kama mashindano yale yalikuwa yakimsaidia mwanafunzi. Shule ya msingi nayo ijiulize hivyo hivyo kabla ya kubandika orodha yoyote. Habari njema ya shule ni ile inayomsaidia mzazi kutenda, na kumfedhehesha mtoto hakumsaidii yeyote.

Tuguse njia ya kuifikisha habari. Siku hizi makundi ya WhatsApp ya wazazi yamekuwa mengi, na ni chombo kizuri. Lakini mwenye simu ya kitochi hayumo, bibi anayelea wajukuu hayumo, na aliyeishiwa bando wiki nzima hayumo. Barua kupitia kwa mtoto hufika, au hulowa mvuani, au hugeuka karatasi ya kutengenezea ndege. Kwa hiyo mbiu moja haitoshi. Ubao uwepo barabarani, mahali ambapo mpita njia anausoma bila kuomba ruhusa ya kuingia getini. Mwenyekiti wa mtaa au kitongoji apewe nakala. Msikitini baada ya swala ya Ijumaa na kanisani baada ya ibada, tangazo la shule halikataliwi. Watoto wenyewe walisikie mstarini mara mbili tatu, maana mtoto anayejua kwamba wiki ijayo kuna mashindano ya mbio na ngonjera hatamwacha mama yake asahau. Redio za jamii nazo ziko tayari kulisoma. Na tafadhali, liandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kuna shule zinazofundisha kwa Kiingereza na ambazo humwandikia kwa Kiingereza mzazi anayezungumza Kiswahili kutwa kucha. Barua isiyoeleweka haijafika, hata kama imesainiwa kwamba imepokelewa.

Na kama kuna wakati ambapo mzazi anahitaji habari mapema, ni sasa. Mtaala mpya umeanza kutekelezwa tangu Januari 2024, na Sera ya Elimu toleo la 2023 inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba. Kwa utaratibu uliotangazwa, mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja, na makundi hayo mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja mwaka 2028. Fikiria maana yake nyumbani. Familia yenye watoto wawili waliofuatana itakuwa na wahitimu wawili katika mwaka mmoja, na Januari inayofuata itatafuta sare mbili za sekondari, magodoro mawili kama ni bweni, nauli mbili. Hilo ni jambo la kutangaziwa mzazi sasa hivi, katika kila kikao, mpaka alijue kama anavyojua msimu wa kupanda. Tusingoje mwezi wa Januari 2028 ndipo tushangae kwamba watoto wamechaguliwa lakini hawajaripoti.

Msikilizaji, nimalizie kwa ombi la pande tatu. Mwalimu mkuu, toa ratiba yako kabatini uipeleke barabarani, na kila unapoomba jambo jipya anza kwa kueleza la zamani liliishaje. Wajumbe wa kamati ya shule, msingoje kuitwa kupitisha hesabu. Ombeni ziandikwe kwa maneno ambayo aliyewachagua anaweza kuyasoma. Nawe mzazi, ubao ukishawekwa, usome. Ukiitwa, nenda, hata kama mara ya mwisho ulirudi umechoka. Shule ikikaa kimya, panda ofisini ukaulize kwa adabu maswali matatu: muhula huu kuna nini, lini, na mimi nifanye nini. Maswali hayo hayahitaji elimu ya juu wala wadhifa. Yakiulizwa na wazazi kumi katika wiki moja, wiki ya pili yake karatasi itabandikwa.